Kilichoziba Sinki Langu

Sinki liliziba Ijumaa usiku, na kufikia Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshampata mwenye makosa. Alikuwa amekaa sebuleni kwangu, miwani myeusi usoni, anasikiliza redio.

Mama alikuwa amekuja Nairobi kutoka Malindi kutolewa mtoto wa jicho. Ilikuwa Julai, ule mwezi jua la Nairobi linaenda likizo, na yeye alishinda ndani ya soksi, sweta yangu, na leso mbili juu ya sweta. Daktari alimwambia asiiname, asibebe kitu kizito, na asiruhusu maji wala sabuni kumwingia jichoni. Mimi nikaongeza la kwangu: asipike. Alinisikiliza vizuri sana. Siku mbili baadaye nikitoka kazini nilipokewa na harufu ya wali wa nazi hapo kwenye ngazi, kabla hata sijatoa ufunguo. Kumbe lile begi nililolibeba kutoka steji ya mabasi nikidhani limejaa dawa lilikuwa na nazi sita na mbuzi yake ya kukunia, imefungwa ndani ya leso.

Nilipaswa kugomba. Ukikaa juu ya mbuzi lazima uiname, hakuna namna nyingine. Lakini nilikuwa na njaa, na mara ya mwisho kula mchicha wa nazi wa mama ilikuwa Desemba. Kwa hivyo nilikula kwanza, halafu nikasema, "Lakini mama, daktari alisema..." huku nikijipakulia tena. Wiki ikaenda hivyo. Yeye anavunja sheria ya daktari, mimi nalamba vidole.

Sasa Ijumaa usiku maji yakabaki. Nilikuwa nimemaliza kuosha vyombo, nimechomoa kizibo, na maji hayakwenda kokote. Yalikaa tu hapo, ya kijivu, na madoa ya mafuta juu yake. Nilichokora kwa mpini wa kijiko. Yakatoa povu moja dogo, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu anaahirisha.

Sikuhitaji uchunguzi. Kwa nyinyi ambao nazi yenu hutoka kwenye pakiti: ukishaikuna nazi na kukamua tui lote, yanayobaki ni machicha, makapi meupe ya nyuzinyuzi. Ukitaka kubuni kitu cha kuziba sinki, huwezi kubuni kizuri zaidi ya hicho. Na katika nyumba hii kulikuwa na mtu mmoja tu anayekuna nazi.

"Mama, umemwaga machicha kwenye sinki."

"Mie?" Akageuza uso. "Sijamwaga machicha kwenye sinki lako, mwanangu."

"Labda hukuona. Mama, si ujue tu, huoni vizuri."

Nilisema kwa upole. Hiyo ndiyo sehemu inayonikera hadi leo, ule upole, ile sauti ninayotumia na wateja kazini. Mama hakujibu. Alinyoosha mkono akazima redio, na kwa mtu anayefuata habari za magazeti na matangazo ya vifo bila kuruka hata siku moja, hilo lilikuwa jibu tosha. Baadaye nilipopita chumbani nikaona mbuzi imerudi ndani ya begi, imefungwa na leso yake vile vile ilivyokuja.

Ngoja nieleze nilikotoa ujuzi wangu wa masinki.

Niliishi Minneapolis miaka miwili nikisoma, kwa binamu yangu anayefanya kazi kwenye makao ya wazee. Usiku wa kwanza nilimaliza kula, nikashika sahani yenye mabaki, nikauliza ndoo ya taka iko wapi. Hakuinua hata kichwa. "Sukuma humo ndani ya sinki." Nikadhani ananitania. Akainuka, akasukuma wali na mifupa laini ya kuku kwenye tundu, akafungua maji, akabonyeza swichi ukutani. Sinki likanguruma. Niliruka nyuma kama mtoto aliyebwekewa na mbwa wa jirani. Sekunde chache, kimya, na tundu likawa safi.

Wao huita disposali. Wengi hudhani ndani mna visu, ndiyo maana filamu za kutisha hupenda kuonyesha mkono ukiingia mle. Hamna visu. Kuna sahani ya chuma inayozunguka kwa kasi, na juu yake vipande viwili vya chuma vinavyochezacheza. Sahani ikizunguka, chakula kinarushwa pembeni, kwenye pete iliyo na meno madogo makali, na pale kinakwaruzwa hadi kiwe uji. Maji yanaubeba ule uji. Kwa maneno mengine ni mbuzi ya nazi ya umeme, iliyozikwa chini ya sinki. Ilibuniwa jimbo la jirani tu, Wisconsin, katika mji wa Racine, mwaka wa 1927, na msanifu majengo aliyeitwa John Hammes. Alipata hataza mwaka wa 1935 na kuanzisha kampuni mwaka wa 1938. Si kila Mmarekani aliikaribisha. Jiji la New York liliikataza kwa miaka mingi, likihofia mabomba yake ya zamani, hadi ilipofika 1997 ndipo watu wakaruhusiwa kuiweka jikoni.

Binamu alinipa masharti. Fungua maji kwanza, ndipo uwashe. Maji yawe baridi, si moto, kwa sababu maji moto yanayeyusha mafuta na kuyapeleka mbali, yakagandie mahali mkono wako haufiki. Ukizima mashine, acha maji yaende kidogo tena, uji ufike kwenye bomba kubwa. Mafuta usimwage kamwe. Wali na makaroni kidogo sana, maana vinafura. Maganda ya viazi, hapana. Nyuzi za mahindi, hapana. Aliyataja yote haraka akivaa koti la kwenda kazini, na mimi katika yote hayo nilishika neno moja: sukuma.

Siku ya Jamhuri, Wakenya kama kumi na tano wakaja kwetu kula. Nilipewa kazi ya kumenya viazi, mfuko mzima. Nikamenya, nikasukuma maganda, nikabonyeza. Ikanguruma, ikalia sauti nyembamba, ikanyamaza. Binamu aliingia chini ya sinki na gauni lake la sherehe. Akachomeka ufunguo wa pembe sita kwenye tundu lililo katikati ya tako la mashine, akauzungusha huku na huku hadi sahani ikalegea, kisha akabonyeza kile kitufe chekundu kilicho pembeni yake. Mashine ikapona. Bomba halikupona. Maganda yaliyokwishasagwa yalikuwa yamekuwa gundi, na maji tuliyomwaga sinki la kulia yakaibuka sinki la kushoto, yakija na rangi ya uji wa muhogo. Vyombo vya watu kumi na tano tuliviosha kwenye bafu. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika sahani yake akingoja kitu cha kuweka juu yake alisema, "Na nyumbani hayo maganda yangekuwa yameshaliwa na ng'ombe."

Tulicheka sana. Mwaka wa 2019 nilirudi Kenya. Nilirudi na digrii, na majaketi mawili ambayo Nairobi hata Julai haijawahi kuyastahili, na mkono unaosukuma. Huo wa mwisho sikujua nimerudi nao.

Jumapili tuliosha vyombo kwenye karai bafuni. Mama alisema chai ya rangi inamtosha. Mchana nikapika sukuma na ugali, tukala bila maneno, na katikati ya kula akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Alhamisi akishaonana na daktari atachukua basi la usiku. Tulikuwa tumekubaliana atakaa hadi mwisho wa Agosti. Nikamwambia, "Sawa." Sijui kwa nini nilisema sawa.

Usiku ule, akiwa ameshalala, nikafanya kile kila mtu wa Umoja hufanya sinki likikataa. Nilikuwa nimenunua kostiki kwenye hadiwea, zile chembe nyeupe kwenye mkebe. Nikamwaga nusu ya mkebe juu ya maji yaliyosimama, nikarudi nyuma. Yakachemka bila moto. Nikasikia joto usoni, nikashika pua, nikafunga mlango wa jikoni, nikaenda kulala nikijua asubuhi kutakuwa kumekwisha.

Asubuhi maji yalikuwa pale pale. Nikampigia fundi.

Fundi alikuja na begi la mgongoni na waya mrefu wa springi uliokunjwa kama nyoka aliyelala. Kijana mdogo kuniliko. Kwenye simu nilikuwa nimeshampa ripoti kamili, kwamba ni nazi, mama yangu amemwaga nazi. Kabla ya kugusa chochote alienda kubisha kwa jirani tunayepakana ukuta wa jikoni, akamwomba afungue mfereji wake. Akasikiliza. Akarudi.

"Ya jirani inaenda poa. Hii shida ni ya hapa kwako, sister. Haijafika kwa paipu kubwa." Akachuchumaa, akafungua kabati la chini, akaweka ndoo. Halafu akaniangalia. "Umeweka dawa yoyote?"

"Hapana," nikasema.

Lilinitoka tu. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimeshajenga kesi nzima ambayo ndani yake mimi sikuwa nimefanya kitu. Fundi akashika ile chupa ya plastiki chini ya sinki, tayari kuizungusha, mikono mitupu.

"Ameweka." Sauti ilitoka sebuleni. "Jana usiku. Sikuona, lakini nilisikia. Sinki lilikuwa linachemka."

Fundi akaachilia. Aliinuka polepole, akanionyesha mkono wake wa kulia, ndani ya kifundo, ambapo ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa, pana kama sarafu ya shilingi ishirini. Akasema hiyo ilikuwa Kayole, mwaka juzi, na mwenye nyumba alimwambia hajaweka kitu. Hakusema kwa hasira. Alitoa glavu ndefu za mpira kwenye begi, akavaa miwani ya plastiki, akatuambia tukae mbali, akaanza kuchota yale maji kikombe baada ya kikombe, taratibu, akiyapeleka chooni na kuyafuatisha maji mengi.

Nilisimama mlangoni nikiwa sina pa kuweka macho. Alikuwa ananifundisha bila kuniangalia, jambo ambalo nililishukuru. Kostiki, alisema, si mbaya kwa kila kitu, lakini sinki likishaziba kabisa haina pa kwenda. Inakaa hapo juu, inachoma kile inachofikia, na ikikutana na mafuta inatengeneza sabuni. Hivyo ndivyo sabuni ya mche inavyotengenezwa, mafuta na kostiki. "Sasa wewe umejipikia sabuni ndani ya paipu." Na mtu asije akachanganya dawa mbili, hii leo na ile ya chupa kesho, kwa sababu zinaweza kutoa moshi wa kuua au kurusha maji usoni. Ikikugusa, usikimbilie mafuta ya kupaka. Maji, maji, maji, robo saa na zaidi. Alisema kwamba kwenye nyumba kumi anazoitwa, saba zimeshawekwa kostiki, na tano zinakana. Hesabu yake, si yangu.

Alipoifungua ile chupa ikatoka harufu ambayo siwezi kuieleza kwa watu wanaosoma hii wakila. Harufu ile, alisema, ndiyo kazi ya hiyo chupa. Sikuelewa. Akaeleza: huwezi kuunganisha sinki moja kwa moja na sua, utalala na hewa ya sua nyumbani. Kwa hivyo bomba linakunjwa au linawekewa chupa, maji kidogo yanabaki pale kila wakati, na yale maji ndiyo mlango. Hewa haipiti kwenye maji. Ndiyo maana ukisafiri mwezi mzima unarudi unakuta nyumba inanuka: mlango umekauka. Baadaye nilisoma kwamba mkunjo wa namna hiyo ulisajiliwa London mwaka wa 1775 na fundi wa saa aliyeitwa Alexander Cumming, kwa ajili ya choo. Fundi wa saa. Nililipenda hilo.

Chupa yenyewe ilikuwa na matope na majani ya chai, si mengi. Uzibaji ulikuwa mbele, kwenye bomba linalolala kuelekea ukutani. Akaingiza waya, akazungusha, akavuta, akaingiza tena. Kikatoka kipande. Halafu kingine. Halafu akatoa kimoja kirefu kama kidole, cheupe cha kijivu, kigumu, akakiweka kwenye gazeti juu ya kaunta na kukivunja katikati.

Kilikuwa kama mshumaa. Ndani yake kulikuwa na punje za wali, nyingi, zimepangika kana kwamba mtu alizipanga. Vipande vya makaroni. Ganda la kitunguu. Kipande cha kile kikaratasi cha soseji.

"Uliniambia nazi," fundi akasema. "Nazi iko wapi?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akija. Alishusha miwani yake myeusi hadi puani, akaliangalia lile gazeti kwa jicho lake jipya, akalirudisha macho kwangu, akapandisha miwani. Hakusema kitu.

Mimi sipiki wali wa nazi. Mimi hukaanga soseji kila Jumapili asubuhi, na nikimaliza namimina mafuta ya kikaango kwenye sinki na kufuatisha maji moto kutoka kwenye birika, nikiamini ninayasukuma hadi Ruai. Mimi ndiye niliyetoa kile kichujio cha tundu kwa sababu kilikuwa kinachelewesha maji. Mabaki ya pilau, yale ya siku tatu kwenye friji, mimi ndiye niliyeyasukuma kwa uma. Miaka yote hiyo. Na hakukuwa na mashine yoyote chini. Hakukuwa na swichi ukutani. Kulikuwa na bomba la plastiki linalopita vidole viwili.

Na hata mashine ingekuwepo. Disposali inataka maji yanayotiririka kabla, wakati na baada. Mtaani kwetu maji yanakuja kwa zamu, siku zake zinajulikana, na siku nyingine tunaosha kwa jerikani. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili inatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Kuyaleta hadi Umoja ili yabebe uji wa makaroni kuelekea Ruai, kwenye yale mabwawa ambako maji taka ya jiji husafishwa, ni safari ndefu kwa mabaki ambayo kuku angeyamaliza kwa dakika tano. Nasema kuku kwa sababu, nitafika.

Fundi alikusanya vyombo vyake. Aliomba nijaze sinki hadi juu kisha nichomoe kizibo ghafla, maji yote yaende kwa pamoja kwa uzito wao. Yalikwenda yakipiga kelele ya kunywa. Alisema nifanye hivyo kila wiki siku ya maji, nirudishe kichujio, na mafuta yasiguse sinki hata kama ni kijiko. Maji ya birika linalochemka nisiyamimine kabisa, bomba la plastiki linalegea. Nikamlipa elfu moja na mia tano, nikamwongeza mia mbili, na nikamwambia pole kwa lile la dawa. "Ni sawa, sister," akasema, halafu akageuka kwa mama. "Asante, mathe."

Tukabaki wawili.

"Sasa machicha ulikuwa unayapeleka wapi?" Swali hilo lilitoka kama ninamhoji bado. Sikulitaka litoke hivyo.

"Kwa Mama Kuku."

Kuna mwanamke anayeuza mboga karibu na geti letu. Ninampita kila siku kwa miaka mitatu. Sikujua ana kuku nyuma ya kibanda. Mama alijua siku ya pili. Alikuwa akiteremka ngazi polepole, mkono ukutani, na mfuko wa machicha, na kuku wanayapenda. Ndipo nikakumbuka mayai. Wiki nzima kulikuwa na mayai kwenye friji, madogo, ya rangi tofauti tofauti, nami nilikuwa nakaanga na kula na sikuwahi kujiuliza yametoka wapi.

"Na sufuria?" nikasema. "Zile za samaki wa kupaka. Tui lote lile, mafuta."

Alinishika mkono akanipeleka chumbani. Dirishani kulikuwa na chupa yake ya mafuta ya nazi, ya nywele. Akaichukua, akaigeuza juu chini. Hakikumwagika kitu. Yalikuwa yameganda meupe kama theluji.

"Kwetu haya ni maji mwaka mzima," akasema. "Nilipoyaona hivi siku ya kwanza nikajua huku mafuta hayaendi. Nikawa napangusa sufuria kwa gazeti ndipo naosha. Magazeti yako yale ya zamani." Akairudisha chupa dirishani. "Ungeniuliza."

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Malindi haishuki huko mchana. Nairobi ya Julai inashuka na kukaa. Mimi nimesoma kemia kidato cha nne nikapata A. Nilikuwa napita kando ya chupa ile kila asubuhi nikifungua pazia. Kule London, mwaka wa 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel walikuta donge la mafuta na vitambaa vya kupangusia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na kipande chake wakakiweka kwenye jumba la makumbusho watu waje kukiona. Wahandisi wa jiji zima, na donge likakua vile. Mama yangu aliangalia chupa moja dirishani, kwa jicho lililofanyiwa upasuaji juzi.

Nilitaka kumwomba msamaha. Kwetu hatuna desturi hiyo, mtoto kumwambia mama "nisamehe" uso kwa uso nje ya siku ya Idi, inakuwa kama mnaigiza. Nilizunguka zunguka. Nikafuta kaunta ambayo ilikuwa imeshafutwa. Nikatoa lile gazeti na mshumaa wangu nikaupeleka kwenye pipa la taka chini. Nikarudi.

Kisha nikaenda chumbani nikafungua begi, nikatoa mbuzi. Nazi mbili zilikuwa bado zipo. Nikavunja moja kwa nyuma ya kisu juu ya bakuli, vibaya, nusu ya maji yakaenda sakafuni. Nikaikunjua mbuzi katikati ya jikoni, nikakaa juu yake na suruali yangu ya kazi, nikaanza kukuna.

Sikuwa nimekuna nazi tangu nikiwa darasa la nane. Meno ya mbuzi yanaruka usipoyaheshimu. Nilijikwaruza kidole. Mama alivuta kiti cha plastiki akakaa mlangoni, mgongo wima kama daktari alivyotaka.

"Zungusha nazi. Usizungushe mkono."

Nikazungusha nazi.

"Hapo umefika kwenye weusi. Usiukune huo, utaharibu tui."

Nikahamia upande mwingine. Alinitazama muda mrefu, na nilijua anajizuia kuinuka kuichukua.

"Leo ni siku gani?" akauliza.

"Jumatatu."

"Hiyo nazi utaimaliza Alhamisi," akasema. "Na mimi siwezi kupanda basi na njaa."

Nikaendelea kukuna. Baada ya kitambo nikasikia redio imewashwa, wanasoma matangazo ya vifo. Nilipomaliza kukamua tui nilishika machicha mkononi, yamebanwa donge, nikajikuta nimesimama mbele ya sinki. Nikageuka.

"Kuna mfuko nyuma ya mlango," mama akasema kutoka sebuleni. "Na umrudishie Mama Kuku trei lake la mayai, lipo juu ya friji."